Mashamba Matatu ya Karani

9 Juni

Mume wangu mdogo,

Natumaini u mzima huko uliko. Mimi sijambo, ukiondoa hii nyonga, ambayo siku hizi inajua habari za baridi kabla ya redio. Mama yako hajambo, bado anawapikia wanafunzi pale shuleni na bado analalamika kwamba yale masufuria yanamuua mgongo. Ng'ombe hajambo. Kuku wamebaki saba, wa nane alipotea, na simshuku mtu kwa sababu sijaona manyoya.

Naandika kwa mkono wangu. Simu ipo, lakini masikio yangu yamekwisha. Watu nawasikia kama wanaongea wakiwa ndani ya mtungi, na maneno ya simu hayakai. Barua ukiisoma leo ukajifanya hujaielewa, kesho iko palepale inakutazama. Nilifika darasa la tatu tu, hilo unalijua, lakini hajatokea mtu wa kunirudishia barua yangu akisema haisomeki.

Neno langu ni moja. Babu yako tulimzika mwezi wa tatu na wewe hukuja. Sikuulizi kwa nini. Watu waliniuliza, nikawajibu kazi imembana, nikaingia ndani. Sasa aliyekufa ni yeye, shamba halijafa. Limelala kiangazi hiki, na mimi nikiinama kushika jembe, kuinuka ni mpaka nimwite mtu. Mama yako shamba halitaki, alisema hivyo tangu msichana, na simlazimishi. Umebaki wewe. Babu yako alikupa jina la Karani kwa sababu ulikuwa unamfuata nyuma na daftari, unaandika tuta gani limepandwa nini na kuku gani katagia wapi. Alikuwa anasema, huyu ndiye atakayelijua shamba langu nisipokuwepo.

Basi nisikilize vizuri. Ukija kabla ya mvua za kwanza, shamba ni lako. Usipokuja, nampa mjane wa mwashi, huyu jirani yetu, ana watoto watatu na analima ukingoni mwa barabara, kila gari likipita linazinyima mboga zake pumzi kwa vumbi. Sifanyi hivyo kukukomoa. Mvua ikinyesha lazima mtu awe ameshika jembe.

Halafu niambie unafanya kazi gani huko. Mama yako anasema unacheza. Nimemwambia aache kukusingizia.

Bibi yako

2 Julai

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenikuta salama, ila mafua ya hapa hayana adabu. Chumba changu kiko ghorofa ya nne na dirisha linatazama ukuta wa jirani, hivyo jua nalisoma kwenye ukuta huo: likifika kwenye bomba najua nimechelewa kazini. Nisalimie Mama. Mwambie masufuria ayasukume, asiyainue.

Mama hajanisingizia sana. Ofisi yetu iko juu ya duka la vioo, tuko wanane, na kazi yetu ni kujaribu michezo ya kompyuta na kuwaandikia watu upi unafaa. Mwaka huu nimepewa michezo ya kilimo. Ndiyo, Bibi, ipo. Mtu anakaa mbele ya skrini anapewa shamba, analima, anapanda, anafuga, anavuna. Ninayo mitatu ya kulinganisha, na mhariri wangu hataki nihesabu tu kila mmoja una vitu vingapi. Anataka undani. Maana yake, ukikishika kitu kimoja, kinakwenda chini kiasi gani kabla hujagonga ubao.

Wa kwanza una mazao sitini, lakini udongo wake hauchoki. Unapanda mahindi miaka ishirini mahali pamoja, yanaota tu. Wa pili una matrekta ambayo kila msumari unafunguka, na udongo wake unataka chokaa na samadi, lakini hakuna watu. Unalima nchi nzima peke yako na hakuna wa kukusalimia. Wa tatu una mazao machache, ila udongo unakumbuka ulichopanda mwaka jana, na watu wanaishi humo, wanaoa, wanagombana, wanazeeka.

Naomba unisaidie mambo mawili, kwa sababu wenzangu wote wamekulia kwenye ghorofa. Udongo uliochoka unaujuaje bila kuupima? Na ng'ombe anafanya nini akikamuliwa na mkono mgeni?

Kuhusu kuja, nitapata nafasi nikimaliza ulinganisho huu. Haubaki mwingi.

Mjukuu wako

15 Julai

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mafua ni ya kukaa ndani, toka nje. Mama yako amesema kusukuma sufuria ndiko kulikomvunja wa kabla yake, kwa hiyo ushauri wako kaurudisha. Kuku wamekuwa wanane tena, yule aliyepotea alikuwa ameatamia kwenye gunia la pumba huko darini, mjanja kuliko sisi.

Sasa nimeelewa. Watu wazima wanane mko chumba kimoja, mnalima bila kuchafua hata kucha, halafu mnaandikiana nani kalima vizuri. Nimecheka mpaka nyonga ikanikataza. Lakini umeuliza swali la maana, na mimi swali la shamba siliachi njiani.

Udongo uliochoka hauna harufu. Ule mzima ukiubana mkononi baada ya umande unanukia kama chumba kilichofunguliwa madirisha, uliochoka haunukii kitu, kama umeshika majivu. Maji ya mvua yanakaa juu yake kama kwenye sahani. Mahindi yanaota miguu imekuwa ya zambarau na yanasimama hapo, hayakui, hayafi. Na magugu yenyewe yanakuwa mafupi. Watu wanafurahi magugu yakipungua. Wajinga hao. Magugu yakikosa hamu ya kuota, ujue hapo pamekwisha. Unapaacha, unapanda maharage, unatia samadi, na unasubiri bila kunung'unika.

Na ng'ombe. Huyu wetu alikamuliwa na babu yako miaka sita, hata alipougua alijikokota mpaka zizini, hajashikwa na mwingine. Baada ya maziko nilikaa chini yake, akazuia maziwa. Siku mbili. Kiwele kimejaa kimekuwa jiwe, anaumia, nami naumia, na hataki. Ananigeuzia shingo anatazama mlangoni. Siku ya tatu nikavaa lile koti la kaki la babu yako, ambalo lilikuwa bado halijafuliwa tangu alivue. Nikakaa sikusema neno. Akaninusa begani, akasimama kidogo, halafu akaachia. Mpaka leo namkamua nikiwa na koti hilo, na silifui.

Ndivyo anavyofanya ng'ombe.

Ulisema haubaki mwingi. Mwingi ni kiasi gani? Kiangazi kina mwisho.

Bibi yako

6 Agosti

Shikamoo Bibi,

Mafua yamekwisha, nilitoka nje kama ulivyoniamuru. Hapa ofisini wametubadilishia viti, vipya vina magurudumu manne badala ya matano na mwenzangu mmoja ameshaanguka mara mbili. Mama amenipigia, amesema unakataa kutumia mkongojo. Mimi sisemi kitu.

Bibi, barua yako imenisaidia mno. Nimewasomea wenzangu habari ya udongo na koti, ofisi nzima ikageuza viti kunisikiliza. Mhariri akasema iingie hivyo hivyo. Nimekuwekea ndani ya bahasha ukurasa wenyewe uone. Safu zinatoka moja moja, na kwenye hii ya mifugo mchezo wa kwanza nimeupa mbili kwa kumi, kwa sababu ng'ombe wake anakamuliwa na yeyote, hata na mwizi. Wa pili nne, maana ng'ombe anaugua na ana chanjo zake, lakini hamjui mtu. Wa tatu nimeupa saba. Ng'ombe wa mchezo wa tatu anamzoea mwenyewe na maziwa yanapungua akikamuliwa na mgeni, ila hakuna njia ya kumdanganya kwa nguo wala harufu, kwa hiyo nikakata tatu. Nimeandika: "Undani wa kweli ni ng'ombe anayemtambua aliyekufa kwa koti lake." Wasomaji wameipenda sana sentensi hiyo.

Safu ya udongo nayo wa tatu umeongoza. Imebaki safu moja tu, nikiimaliza naomba ruhusa.

Mjukuu wako

16 Agosti

Karani,

Sijambo. Mama yako hajambo. Mkongojo ni wa wazee.

Ukurasa wako nimeusoma mara mbili, ya pili nimesimama. Kuna picha ya ng'ombe ana madoa ya buluu, na pembeni yake maneno yangu, halafu tarakimu.

Habari ya koti nilikupa wewe kwa sababu u mjukuu wa mwenye koti. Hata mama yako hajui. Akinikuta nimelivaa namwambia nasikia baridi. Umelichukua ukaliweka mezani kwa watu nisiowajua, wakaligeuzia viti, wakalitazama, wakalipigia alama. Niambie basi, na mimi nimepata ngapi kwa kumi? Umenikata kwa lipi?

Hukuuliza kama ng'ombe anaendeleaje. Hukuuliza kama koti bado lina harufu. Halina tena, kama unataka kuandika.

Sijibu maswali mengine.

Bibi yako

30 Agosti

Shikamoo Bibi,

Naanza na shikamoo nikijua unaweza kukataa kuitikia. Sijambo. Mama amenieleza kwamba ng'ombe ana mimba na kwamba umekubali mkongojo kwa sharti usitumike mbele za watu. Nimefurahi kwa yote mawili.

Nimekosa. Nilimwomba mhariri aiondoe ile sehemu, akasema imeshasomwa na watu elfu kadhaa. Kwa hiyo hakuna ninachoweza kurudisha. Badala yake nitakuambia jambo ambalo nami sijamwambia mtu.

Ile safu moja iliyobaki inaitwa urithi. Mchezo wa tatu ndio pekee wenye urithi, na ninatakiwa nicheze mpaka mwenye shamba afe ili nione shamba linapitaje kwa mwingine. Safu hiyo imesimama tangu mwezi wa tatu, na ulinganisho wote unaingoja. Mhariri anadhani mimi ni mtu wa makini.

Siku mliyokuwa mnazika, Mama alinipigia asubuhi. Nilivaa, nikaenda kituo cha mabasi, nikakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka. Sikuweza kuinuka. Uliniandikia anaumwa kidogo, nikasema moyoni nitamaliza wiki hii niende, na kabla wiki haijaisha akawa hayupo, na nikaona nitaingiaje pale watu wakinitazama. Nikarudi ofisini. Nikaufungua mchezo wa tatu. Unakuruhusu kumtengeneza mwenye shamba upendavyo, sura, umri, mwendo. Nikamtengeneza yeye. Mabega yale, kofia imekaa upande, mguu wa kushoto unaochelewa. Nikampa na ng'ombe.

Katika mchezo huo mzee wa umri wake hufa mwisho wa kiangazi. Haizuiliki. Lakini unaweza kurudi kwenye siku uliyoihifadhi. Basi mimi nimehifadhi siku moja kabla. Kila siku nikifika kazini namfungua, anaamka, anafagia zizi, anakamua, anakwenda shambani, anarudi. Jua likianza kuzama narudi mwanzo wa siku ileile. Ni miezi mitano sasa.

Bibi, siku inayofuata baada ya mwenye shamba kufa, shambani kunakuwaje? Nataka nilijue hilo kutoka kwako kabla sijamwacha aende. Haya hayataingia kwenye ukurasa wowote. Naapa.

Mjukuu wako

21 Oktoba

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Usimlaumu mtu wa posta. Barua yako ilinifikia siku ya tisa, ikakaa chini ya godoro wiki sita. Mama yako amekuja kunikalia juma zima, kapika vyakula vya watu mia mbili kwa sababu hajui kipimo kingine, mpaka kuku wamenenepa. Ng'ombe mimba yake inaonekana. Mkongojo nautumia kufukuzia kuku.

Umeuliza siku inayofuata kunakuwaje. Nitakuambia, mara moja.

Siku inayofuata ni kazi. Nilidhani nitaamka nikute kila kitu kimesimama. Niliamka ng'ombe analia, kuku wanagonga mlango, na uzio wa upande wa mto umelala chini. Nikasema kwa sauti, uzio umeanguka, nikasubiri anijibu ni ile nguzo ya tatu. Jembe lilikuwa palepale alipolichomeka, katikati ya mstari, maana alikuwa amesema ngoja nipumzike kidogo. Wiki tatu lilikuwa limesimama hapo, hakuna aliyethubutu kuling'oa. Mpini ulikuwa umeanza kupata ukungu.

Na maharage yalikuwa yameota. Aliyatia udongoni siku ile ile alipougua, nusu shamba, na mvua ilichelewa, basi yalikaa tu chini. Mvua ikaja siku ya maziko, watu wakajikinga kwa mikeka, na siku chache baadaye nikayakuta yote yamejitokeza, kijani, yamenyooka kama watoto wa shule. Niliyachukia maharage yale. Nilisimama nikayatukana kwa maneno ambayo siyaandiki. Halafu nikaleta jembe nikayapalilia, kwa sababu magugu nayo yalikuwa yameota. Ndiyo mara yangu ya mwisho kulima. Hapo ndipo nyonga iliponiacha.

Sasa kunywa maji, kuna jingine.

Umesema niliandika anaumwa kidogo. Ni kweli niliandika hivyo. Alinishika mkono akaniambia, usimtoe kijana kazini, atakuja na kuondoka bila kazi. Mimi nilijua anakufa. Nimeuguza watu wengi, najua miguu ya mtu anayeondoka inavyokuwa. Nikachukua kalamu, nikaandika kidogo. Nikamkataza na mama yako asikupigie. Miezi yote hii watu wakiuliza yuko wapi mjukuu wake nawajibu kwa hasira kana kwamba uliitwa ukakataa. Ulipotaja lile neno nikashindwa kukujibu. Hilo ndilo lililokuwa chini ya godoro.

Kwa hiyo kosa lako la benchi ni lako, libebe. Lakini lile la kuchelewa tugawane.

Na huyo mzee wa kwenye kioo mwache aende. Babu yako hakupenda kufagia zizi hata siku moja, alikuwa anajifanya hauoni ufagio, na wewe umemshikisha ufagio huo miezi mitano. Ungeniuliza kwanza.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mto. Nilichokuambia mwezi wa sita hakijabadilika. Sijui kubembeleza na sitajifunza sasa. Njoo.

Bibi yako

19 Novemba

Shikamoo Bibi,

Natumaini mama anaendelea vizuri na ng'ombe pia. Mimi nimekonda kidogo lakini si ugonjwa. Ukuta wa jirani wameupaka rangi nyeupe, chumba changu kina mwanga mpaka nimegundua vumbi la tangu nihamie.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa mwezi. Kwa siku kadhaa nilikuwa naufungua mchezo naufunga. Kuhusu lile neno "kidogo", nimelisoma, na najua na mimi ningemtii kama wewe.

Nilimwacha aende siku ya Jumatano, wenzangu walipokwenda kula. Nilimwachia siku ijiendee. Hakufagia, nilimpa mapumziko. Alikamua, akakaa kwenye kigoda nje ya zizi, jua likazama nami sikurudi nyuma. Skrini ikawa nyeupe. Yakaja maandishi: "Shamba limepata mwenyewe mpya." Chini yake kitufe kimeandikwa Endelea. Nilikitazama mpaka wenzangu wakarudi na vikombe vyao. Nikabonyeza. Kukapambazuka. Kuku wanakula. Majirani wanapita wanasalimia, salamu zilezile. Hakuna aliyemuulizia, Bibi, na hakuna kitu alichokiacha nusu. Kila mstari ulikuwa umemalizika. Nilitafuta shamba zima jembe lililosimama, sikuliona.

Safu ya urithi nimeiacha tupu. Mhariri akaniuliza tupu ni alama gani, nikamjibu sijui kupima hicho. Amekasirika, kaiweka nane mwenyewe.

Nimeomba ruhusa na nimepewa kuanzia tarehe 13 Desemba, nikishakabidhi kazi kwa mwenzangu. Tarehe 15 nitakuwa mlangoni kwako. Ninavyokumbuka, mvua zetu za kwanza hushuka katikati ya Desemba, kwa hiyo nitaziwahi. Ninakuja kulima. Si kutembea, kulima. Nitajifunza yote, hata kufagia.

Mjukuu wako

4 Desemba

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Mama yako amerudi kwenye masufuria yake. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana nguvu, anapiga ndoo teke. Mimi niko kama nilivyo.

Mvua ilishuka tarehe 9 Novemba. Ilianza mchana, ikanyesha siku mbili bila kupumua. Hayo ya katikati ya Desemba ni ya ulipokuwa mtoto, mvua ilishahama huko. Nilingoja siku nne ambazo sikukuahidi. Kila basi likisimama pale kwenye duka la saruji nilitoka mlangoni, na mkongojo, mbele za watu. Siku ya tano nikamwita mjane wa mwashi. Barua yako ya kwamba unakuja kulima niliipata wiki mbili baadaye. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri.

Tulizunguka mipaka pamoja, mimi na yeye, polepole kwa ajili yangu. Nikamwonyesha kila kitu. Hapa panatuama maji, usipande mahindi. Hapa pamechoka, pape maharage miaka miwili. Hapa kuna jiwe chini, litakuvunjia jembe. Babu yako alivunja majembe mawili hapo na hakuwahi kukubali kwamba ni jiwe lilelile. Yule mama hakuandika. Alikuwa anainama, anaushika udongo, anaunusa, anainuka. Tulipofika kwenye mstari ambao jembe lilisimama, nilipapita tu, sikumwambia. Palikuwa padogo na ni pangu.

Nimempa kwa mdomo wangu mbele ya majirani wawili, na neno langu silirudishi. Ukija usimwendee, usimtazame vibaya, hajakunyang'anya kitu. Nilikuambia mwezi wa sita, nikakuambia wa kumi. Nami kama nisingeandika lile neno mwezi wa tatu, pengine ungekuja ukauona mpini ule kwa macho yako, na usingerudi tena kwenye viti vya magurudumu. Nalifikiria hilo nikikamua. Nalifikiria kila siku.

Tarehe 15 njoo. Si kwa shamba. Chumba nimekifagia mimi mwenyewe. Kuna paa la banda linavuja, na ndama anahitaji mtu wa kumzoea angali mdogo, kabla hajamchagua mwingine.

Jana wamepanda. Niliomba kigoda nikakaa mwisho wa shamba, chini ya uzio, nimejifunga kanga mbili kwa baridi. Yule mama na watoto wake watatu, wanachimba, wanatia mbegu, wanafukia, wanacheka. Hawakutumia kamba. Mistari ikaanza vizuri, ilipofika katikati ikapinda kuelekea mtoni, na iliyofuata ikaifuata ile, mpaka shamba zima likawa limeinama upande mmoja. Babu yako asingelala. Mimi ninayekugombeza wewe kwa barua, ninayemgombeza mama yako kwa sufuria, nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni. Yule mama akasimama, akajifuta uso, akanigeukia kwa mbali, akaniuliza, "Mama, tunaendeleaje?"

Nikamwambia, "Mnaendelea vizuri."

Bibi yako